Huyo Mke Alisemaje?

Mei 1909, Ramendra Narayan Roy, kijana wa miaka ishirini na kitu, alifariki Darjeeling, mji wa baridi milimani ambako matajiri wa Bengal walikimbilia joto. Daktari Mwingereza aliandika kwamba alikufa kwa maumivu ya mawe ya nyongo. Mwili ulichomwa kwa desturi za Kihindu. Mjane wake akarudishwa nyumbani.

Mei 1921, mtu mwenye nywele ndefu zilizosokotana, aliyezoea kujipaka majivu mwili mzima, aliketi mbele ya umati huko Joydebpur, kaskazini mwa Dhaka, akasema yeye ndiye Ramendra.

Kesi iliyotokana na maneno hayo ilifunguliwa mwaka 1930 na kumalizika London Julai 1946. Nimeishi nayo karibu mwaka mzima. Nilianza na kitabu cha Partha Chatterjee cha mwaka 2002 kwa ajili ya semina moja ya shahada ya uzamili, nikakisoma usiku kucha, na tangu hapo nikawa mtu wa kuchosha. Niliwasimulia wenzangu wa hosteli. Nilimsimulia abiria niliyekaa naye basi la Tanga, maskini, mpaka akajifanya amelala. Nilipofika kwa Bibi nikamsimulia na yeye, akiwa anachambua mchicha barazani: majivu, makovu, mahakama, mashahidi zaidi ya 1,500. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na huyo mke alisemaje?"

Nikajibu kwamba mke alimkana. "Basi?" Bibi akasema. "Alimkana vipi? Alimwona? Walimkalisha naye?"

Sikuwa na jibu la maana. Usiku ule nilifungua daftari langu. Kurasa arobaini na kitu za maelezo, na Bibhabati Devi alikuwa na nusu ukurasa.

Lakini siwezi kumfikia Bibhabati bila kupita kwenye nyumba aliyoolewa.

Bhawal ni nchi ya udongo mwekundu na misitu ya miti ya sal. Mwanzoni mwa karne ya 18 ilikuwa chini ya ukoo wa Kiislamu, Waghazi. Balaram, babu wa hawa wakina Roy, alikuwa diwani wao, yaani msimamizi wa mapato na hesabu. Mwaka 1704 mtawala wa Bengal, Murshid Quli Khan, alipobadilisha utaratibu wa kukusanya kodi, milki ikaandikwa kwa jina la Sri Krishna, mtoto wa diwani. Kwa hiyo ukoo huu, ambao miaka mia mbili baadaye ungelia mahakamani kwamba mtu baki anataka kuwanyang'anya mali, ulianza kwa karani kukalia kiti cha bwana wake. Sisemi walidanganya. Nasema tu kwamba karatasi ilibadilika na watu wakazoea.

Kisha wakaja Waingereza, na mwaka 1793 Lord Cornwallis akaweka sheria iliyotengeneza Bengal ya wakati wake wote. Zamindari, neno la Kiajemi lenye maana ya mwenye ardhi, angelipa serikali kodi isiyobadilika milele. Akishindwa kulipa kabla ya jua kuzama siku ya mwisho, milki inapigwa mnada. Akiweza, ziada yote ni yake. Kodi ya serikali ilisimama palepale ilhali kodi ya wakulima ilipanda, na katika nafasi iliyofunguka kati ya namba hizo mbili ndimo yalimojengwa majumba, zikanunuliwa tembo, wakaajiriwa waalimu wa Kiingereza wa kuwafundisha watoto wasiotaka kusoma. Bhawal mwaka 1904 ililipa serikali rupia elfu 83 hivi, na baada ya gharama zote ikabakiwa na zaidi ya laki nne na nusu. (Laki yetu na laki yao ni moja. Rupia pia tuliitumia.)

Walijua kupanua. Mwaka 1851 walinunua mashamba ya mlowezi wa zao la nili, Mwingereza aitwaye Wise. Mwaka 1878 Kali Narayan alipewa na Waingereza cheo cha Raja, cha kurithiwa. Milki ikawa na vijiji zaidi ya 2,000 na watu kama nusu milioni. Katika Bengal ya mashariki ni Nawabu wa Dhaka peke yake aliyewazidi. Ukitaka kujua upande wa pili wa utukufu huo, mtafute Gobindachandra Das, mshairi mzaliwa wa Joydebpur aliyefanya kazi kwenye milki, akapinga udhalimu alioushuhudia, na mwisho akafukuzwa kwao asirudi. Zamindari angeweza kukufukuza kijijini kwako.

Na hapa kuna neno lililonisimamisha. Wale nusu milioni waliitwa raiyat. Ni neno letu raia, kutoka Kiarabu kilekile: watu walio chini ya uangalizi wa mtawala. Kwetu raia amekuja kuwa mtu mwenye haki mbele ya dola, mwenye kadi ya kupigia kura. Bengal alibaki mkulima anayemlipa mwenye ardhi. Kila nilipokutana na neno hilo kwenye maandiko nililisoma mara mbili, mara kwa Kiswahili na mara kwa Kibengali, na nadhani kesi nzima inakaa katikati ya maana hizo mbili.

Raja Rajendra Narayan alikufa mwaka 1901 akaacha watoto watatu wa kiume na mabinti watatu. Wa kiume wakaitwa kumari, yaani wana wa mfalme: Ranendra, Ramendra, Rabindra. Huyu wa katikati, wetu, aliweza kuandika jina lake na si mengi zaidi. Alipenda kuwinda chui milia, farasi, na wanawake wa mjini; kabla ya kwenda Darjeeling alikuwa tayari na kaswende. Alikuwa amemwoa Bibhabati, binti wa Kibrahmani wa familia iliyokuwa na elimu kuliko fedha. Hawakupata mtoto.

Aprili 1909 alisafiri kwenda Darjeeling na mke wake, shemeji yake Satyendranath Banerjee, daktari wa familia na kundi la watumishi. Mei akafa. Mwaka uliofuata akafa kaka mkubwa. Mwaka 1913 akafa mdogo. Nyumba iliyokuwa na wana watatu ikabaki na wajane watatu, wote bila mtoto. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara maalumu ya kusimamia mali za watoto, wanawake na wale ilioona hawawezi kujisimamia. Idara hiyo ikaichukua Bhawal. Wajane walipewa posho kutoka katika mapato. Raia walimlipa meneja.

Sasa fikiria wewe ni mkulima wa Bhawal. Ulimzoea bwana uliyemchukia lakini uliyemwona: akipita juu ya tembo, akipokea zawadi siku ya sikukuu, pengine akikusamehe nusu ya deni mvua zikigoma, pengine akikuchapa. Badala yake una ofisi. Ofisi haina uso na haisamehi.

Mwishoni mwa mwaka 1920 au mwanzoni mwa 1921, sanyasi mmoja, mtawa wa Kihindu aliyeuacha ulimwengu, alianza kukaa kwenye ukingo wa mto Buriganga mjini Dhaka. Hakuwa mnene wa maneno. Watu wakaanza kunong'ona kwamba anafanana na kumari wa pili. Aprili wakampeleka Joydebpur, juu ya tembo. Dada wa marehemu, Jyotirmayi, akamtazama miguu, mikono, namna alivyokula. Tarehe 4 Mei, mbele ya watu waliojaa uani, wakamuuliza jina la baba, akalitaja. Mwisho wakamuuliza jina la yaya aliyemnyonyesha. Akasema, Aloka.

Umati ukalipuka. Ndani ya siku chache maelfu walikuwa wakimiminika, na walikuja na fedha mkononi. Walimpa nazari, ile zawadi ya heshima ambayo mpangaji humpa bwana wake anapomwona. Vitabu hupita haraka hapa kuwahi mahakamani, mimi sikuweza. Watu waliokuwa wakilalamika kila mwaka juu ya kodi walitoa kwa hiari kwa mtu aliyevaa kitambaa kiunoni. Mwaka ule Gandhi alikuwa amewaita Wahindi waache kushirikiana na serikali. Hewa yenyewe ilikuwa ya kukataa. Tarehe 3 Juni, mkuu wa wilaya, Lindsay, akatoa tangazo: mwili wa kumari wa pili ulichomwa Darjeeling miaka 12 iliyopita, huyu ni laghai, na atakayemlipa kodi anajilipia hasara. Tangazo hilo lilipopelekwa sehemu iitwayo Mirzapur palitokea vurugu, na mtu mmoja akauawa na polisi.

Kwa hiyo alikufa mtu. Kwa ajili ya swali la nani ni nani, alikufa mkulima, na hilo ni jambo la kukumbuka wakati tunapofurahia hadithi.

Kwa muda mrefu hapo ndipo nilipokuwa nimesimamisha hoja yangu. Sura yangu ya tasnifu ilisema kwamba raia wa Bhawal hawakudanganywa. Walichagua. Iwe sanyasi ni Ramendra au si yeye, kumlipa yeye ilikuwa njia ya kuinyima serikali, kura iliyopigwa na watu wasio na kura. Msimamizi wangu aliipenda. Na mimi bado naipenda, kusema kweli.

Kesi ilifunguliwa Dhaka Aprili 1930 na kuanza kusikilizwa Novemba 1933 mbele ya Jaji Pannalal Basu. Mdai alisimulia hivi: alipewa sumu Darjeeling, akaonekana amekufa, akabebwa kwenda kuchomwa jioni, dhoruba ikawatawanya wabebaji, masanyasi waliokuwa karibu wakamkuta anapumua wakamchukua, kumbukumbu ikapotea, akazunguka nao India miaka mingi mpaka fahamu ikamrudia. Asubuhi iliyofuata ukachomwa mwili mwingine. Utetezi ukasema alikufa karibu na usiku wa manane na akachomwa mchana kweupe, na kwamba mtu huyu ni mkulima wa Punjab aitwaye Mal Singh, ndiyo maana Kibengali chake kina lafudhi ya Kihindustani.

Walibishana juu ya saa ya kifo. Walibishana kama mvua ilinyesha. Waliita wataalamu wa picha, mmoja akaapa kuwa sura hizi mbili ni za mtu mmoja, mwingine akaapa kuwa sizo. Alama za vidole za kumari hazikuwapo, kwa hiyo mwili wenyewe ukawa hati: kovu la kifundo cha mguu wa kushoto, ngozi ya nyayo yenye magamba, viatu namba 6, alama za kaswende, mpaka baka dogo mahali ambapo mke peke yake angepaswa kulijua. Agosti 1936 Basu alitoa hukumu ya kurasa 532. Mdai ni Ramendra Narayan Roy.

Mahakama Kuu ya Kolkata ikasikiliza rufaa, na mwaka 1940 majaji wawili kati ya watatu wakakubaliana na Basu. Mmoja wao alikuwa amekwama Uingereza kwa sababu ya vita na akatuma maoni yake kutoka huko. Rufaa ya mwisho ikaenda kwa Baraza la Mfalme la London, lilelile lililopokea rufaa za mwisho kutoka Zanzibar, Kenya na Tanganyika. Tarehe 30 Julai 1946 Baraza likaitupa. Sababu yake ni ya kiutaratibu kabisa: mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya ukweli wa jambo, Baraza halitaupekua upya bila sababu ya pekee. Wanasheria wa nchi za Jumuiya ya Madola bado wanaijua kesi ya Bibhabati Devi kwa kanuni hiyo. Yaani London haikupima upya kama ni yeye. Ilisema swali limeshajibiwa.

Mdai alipopata habari alikwenda hekaluni Kolkata kumshukuru Kali. Alipatwa na kiharusi na siku chache baadaye akafa. Safari hii hakuna aliyebisha.

Sasa mke.

Baada ya swali la Bibi nilirudi kusoma nikimtafuta yeye tu. Alikuwa mjane akiwa na miaka kama 20. Desturi ya tabaka lake ilimtaka avae sari nyeupe isiyo na pindo la rangi, avue bangili, asile samaki wala nyama maisha yake yote, afunge siku maalumu za mwezi. Sheria ya mwaka 1856 ilimruhusu kuolewa tena. Nyumba za aina yake hazikuruhusu. Nilipomweleza Bibi kwenye simu, alihesabu kwa sauti. Eda yetu ni miezi minne na siku kumi, akasema, huyo alikaa eda ya milele. Kisha akauliza kama alikuwa anapika mwenyewe. Sijui kwa nini alitaka kujua hilo.

Alihamia Kolkata akaishi na kaka yake Satyendranath, ambaye alifaidika sana na posho yake, na hilo halina ubishi. Upande wa mdai ulimchora kaka kama mtu aliyepanga yote, na dada kama mdomo wake tu. Ni rahisi kuamini. Kisheria mjane asiye na mtoto alikuwa na haki ya kutumia fungu la mumewe mpaka afe, na mume akifufuka haki hiyo inakwisha. Nilikuwa nimeandika hivyohivyo katika ile nusu ukurasa: maslahi, kaka, fedha.

Lakini tazama nani aliaminiwa. Dada Jyotirmayi alisema ndiye. Nyanya mzaa baba, Satyabhama, mwanamke mzee sana, alisema ndiye, na alipokufa mwishoni mwa mwaka 1922 mdai ndiye aliyemfanyia ibada za mazishi kama mjukuu. Sarajubala, mjane wa kaka mkubwa, alisema ndiye. Hao nao walikuwa na kaka, wana, mawakili, na fungu la kupata au kupoteza. Wakulima walikuwa na deni. Kila aliyesimama kizimbani alikuwa na sababu, na mimi niliyekuwa tayari kuwapa raia elfu moja heshima ya kufikiri wenyewe nilimnyima mwanamke mmoja heshima hiyohiyo. Ndiyo yao niliiita siasa. Hapana yake niliiita tamaa ya kaka.

Bibhabati alisimama mahakamani na kusema mumewe alikufa usiku ule Darjeeling na kwamba huyu si yeye. Aliulizwa juu ya mwili wa mumewe mbele ya ukumbi uliojaa wanaume: ngozi, ugonjwa, ile alama. Mwanamke aliyelelewa kutoonekana na wageni. Angesema ndiye, angevaa tena bangili na kula samaki, jina lake lingerudi kuwa rani wa Bhawal, na umati ungemlilia kwa furaha. Pia angetakiwa kulala na mtu huyo. Sielewi jinsi nilivyosoma kitabu kizima bila kufikiria sentensi hiyo ya mwisho. Bibi aliifikiria kabla mchicha haujaisha.

Ukinibana niseme kama alikuwa Ramendra, nitasema sidhani. Aloka ni jina ambalo kila mtumishi wa nyumba ile angeweza kulitaja, na mtu anayesahau lugha ya mama yake lakini akamkumbuka yaya ananipa shida. Kisha nakumbuka kifundo cha mguu na viatu namba 6, na nayumba. Chatterjee aliweka alama ya kuuliza kwenye jina la kitabu chake, na alikuwa na miaka mingi zaidi yangu ya kufikiri.

Wiki mbili baada ya mdai kufa, Kolkata iliwaka moto wa mauaji kati ya Wahindu na Waislamu. Mwaka 1947 Bengal ikakatwa vipande viwili na Joydebpur ikaangukia Pakistani ya Mashariki. Mwaka 1950 sheria ikafuta uzamindari wote, na raia wakaanza kulipa kodi ya ardhi moja kwa moja kwa serikali. Miaka 16 ya kesi ilikuwa kwa ajili ya theluthi ya kitu kilichobakiwa na miaka minne. Kasri la Bhawal lilikuja kukaa jeshi, na Machi 1971 watu wa Joydebpur walipambana na askari wa Pakistani waliokwenda kuwanyang'anya Wabengali wa kikosi hicho silaha. Leo mji ni Gazipur, mji wa viwanda vya nguo. Pengine fulana uliyovaa imeshonwa huko. Kasri ni ofisi ya mkuu wa wilaya, na watu hupanga foleni kwenye varanda zake ndefu wakiwa na makaratasi yao.

Nimeomba wiki sita za nyongeza. Sura ya raia nimeiacha ilivyo, kwa sababu bado naiamini, lakini mbele yake nimeweka nyingine, na inaanza na Bibhabati kizimbani. Nilimpigia Bibi kumwambia. Akauliza kama nimempata alichosema baada ya kushindwa London. Nikamwambia hakubadilisha neno, mpaka anakufa alisema yule hakuwa mume wake.

"Mm," Bibi akasema. Nikasikia anamwita mtu aje atoe sufuria jikoni.